Tambi za dan dan nyumbani: mwongozo kamili kwa wanaounguza pilipili kila mara

Malalamiko ya watu waliojaribu kupika tambi za dan dan, zile za pilipili za Sichuan huko China, huwa ni yaleyale. Mafuta ya pilipili yametoka meusi na machungu. Tambi zimegandamana. Au bakuli zima ni ukali mtupu, harufu hamna, ile ganzi ya mdomoni hamna, yani mtu anatoka jasho alafu hajui kala nini.

Ukifuatilia utakuta karibu yote hayo yanaharibika kabla tambi hazijagusa maji. Watu wanaanza na tambi kwa sababu ndo jina la chakula, wanazichemsha, zinakaa kwenye chujio zinasubiri, huku mpishi ndo kwanza anatafuta soya sosi ilipo. Hapa tunakwenda kinyume: mafuta unatengeneza leo, vingine vyote kesho, na tambi zinaingia kwenye maji mwisho kabisa wakati bakuli zimeshajaa sosi zinazisubiri.

Vipimo ni vya watu wawili, isipokuwa mafuta ambayo yatabaki mengi.

Kusanya hivi kwanza

Mafuta ya pilipili:
- Pilipili kavu gramu 50
- Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa mililita 250
- Tangawizi slesi 3, kitunguu saumu punje 3, vitunguu majani shina 2 (ile sehemu nyeupe)
- Kijiti kidogo cha mdalasini na bajiao 1, lile tunda kavu la umbo la nyota
- Ufuta kijiko 1 cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai

Nyama:
- Nyama ya kusaga gramu 150
- Tangawizi iliyokatwakatwa kijiko 1 cha chai
- Soya sosi nyeusi nzito kijiko 1 cha chai
- Yacai (majani ya haradali yaliyohifadhiwa kwa chumvi) vijiko 3 vya chakula

Sosi, kwa kila bakuli moja:
- Ufuta uliosagwa kijiko 1 cha chakula
- Soya sosi nyepesi kijiko 1 na nusu cha chakula
- Siki nyeusi kijiko 1 cha chai
- Sukari nusu kijiko cha chai
- Kitunguu saumu punje 1, imepondwa
- Huajiao (kiungo cha Sichuan cha kuleta ganzi) ya unga, robo mpaka nusu kijiko cha chai
- Mafuta ya pilipili vijiko 2 mpaka 3 vya chakula, pamoja na machicha yake

Na mwisho: tambi za ngano gramu 200 kama ni kavu au 300 kama ni mbichi, chainizi au spinachi kidogo, karanga zilizokaangwa, na majani ya vitunguu.

Kipi unaweza kubadilisha na kipi huwezi

Huajiao huwezi. Hii ndo inaleta ganzi, na pilipili manga haiifanyi hiyo kazi hata uweke kijiko kizima. Sio pilipili kabisa, ni ganda la tunda la mti wa ukoo mmoja na ndimu na machungwa, ndo maana ukiinusa inanukia ndimu. Inauzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kichina, Dar yapo na Nairobi yapo. Kwa taarifa tu, mjafari wetu ni wa jenasi hiyohiyo ya Zanthoxylum, ila huo watu wanautumia kama dawa kwahiyo usiutie kwenye tambi kwa kubahatisha.

Pilipili zenyewe, Sichuan wanachanganya aina: moja ya harufu na rangi, nyingine ya ukali. Erjingtiao ni ya harufu, haiwashi sana. Ukiikosa, pilipili ndefu nyekundu za Kashmir zinazouzwa kwenye maduka ya Wahindi zinafaa sana, rangi kali ukali kidogo, alafu unaongezea pilipili kichaa kavu chache kwa ajili ya moto. Ukitumia pilipili kichaa peke yake gramu 50 nzima, hapo utakuwa umetengeneza silaha.

Yacai ni majani ya haradali yaliyohifadhiwa kwa chumvi na sukari, yanatoka Yibin kusini mwa Sichuan, yanauzwa kwenye vipakti vidogo. Usipoyapata chukua zhacai, lile shina nene la haradali lililohifadhiwa kwa chumvi, ukalikatekate. Ukikosa vyote acha, chakula kitapungua kitu lakini hakitakufa.

Ufuta uliosagwa ni rahisi kutengeneza. Tena ufuta tunao, wa Lindi na Mtwara mwingi tu unapakiwa melini kwenda hukohuko China. Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka uwe rangi ya dhahabu iliyokolea, usage kwenye blenda ungali wa moto, ongeza mafuta kidogokidogo mpaka ulainike. Ile tahini ya Waarabu inafaa lakini ufuta wake haukaangwi sana, harufu inakuwa pungufu. Siagi ya karanga pia inafaa, ila iwe isiyo na sukari.

Nyama, kule wanatumia ya nguruwe. Ya ng'ombe inakaa vizuri tu. Siki nyeusi ya Zhenjiang au Baoning ndo yenyewe, ukiwa na siki nyeupe ya kawaida weka nusu ya kipimo maana hiyo inachoma.

Hatua ya 1: Kausha na kuponda pilipili

Fungua madirisha. Sio utani, moshi wa pilipili ukijaa jikoni nyumba nzima itakohoa, na kama kuna mtoto mdogo au mtu wa pumu mtoe kwanza nje.

Kata pilipili kwa mkasi vipande vya kama sentimita 2, kung'uta mbegu nyingi zitoke. Weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye karai, moto mdogo kabisa, mwaga pilipili, geuza bila kuacha. Unatafuta mabadiliko madogo tu: rangi inakolea kidogo, zinaanza kuwa ngumu, na harufu inahama kutoka kwenye vumbi kwenda kwenye kitu kama karanga zinazokaangwa. Toa hapohapo. Usisubiri zipendeze ukiwa bado kwenye moto, maana karai linaendelea kupika hata ukizima.

Ziache zipoe, zitavunjika kwa vidole. Ponda kwenye kinu mpaka ziwe chenga zenye ukubwa tofautitofauti. Ukitumia blenda bonyeza mara chache tu. Unga mwororo unaungua haraka sana mafuta yakimwagwa na ndo sababu moja kubwa ya mafuta kuwa machungu, wakati chenga kubwa zinavumilia.

Imefanikiwa kama: chenga ni nyekundu iliyokolea na hakuna hata moja nyeusi. Ukiona nyeusi zitoe moja moja, uvivu wa hapa utaulamba baadae.

Hatua ya 2: Mafuta, hapa ndo wengi wanaangukia

Chukua bakuli la chuma au la udongo linalovumilia joto, liwe kubwa mara tatu ya unavyodhani, na liwe kavu kabisa. Plastiki hapana. Kioo cha kawaida hapana, kinapasuka. Tone moja la maji ndani ya bakuli na mafuta ya moto yataruka usoni. Weka humo chenga za pilipili, ufuta na chumvi, changanya.

Kwenye sufuria ndogo weka mafuta mililita 250 na tangawizi, saumu, vitunguu, mdalasini na bajiao. Anza na mafuta yakiwa baridi, moto mdogo, yapande taratibu kwa dakika kama 10 mpaka 15. Vitunguu vikiwa vya kahawia kila kitu kitoe na kijiko cha matundu. Usiache saumu ndani, kwanza vitaungua, pili saumu mbichimbichi ikikaa kwenye mafuta nje ya friji inaweza kuzalisha bakteria wa sumu ya botulizimu, na hiyo huioni wala huinusi.

Sasa ongeza moto kidogo. Kama una themomita unatafuta digrii 180. Kama huna, chukua chenga moja tu ya pilipili uidondoshe kwenye mafuta ukaitazame kwa karibu. Ikizama kimya, bado. Ikielea ikizungukwa na vipovu vidogo vya haraka na ikabaki nyekundu, ndo hapo. Ikigeuka nyeusi kabla hujamaliza kuhesabu moja mbili, zima moto usubiri dakika mbili alafu jaribu chenga nyingine. Jaribio hili linachukua sekunde chache na linaokoa pilipili zako zote, na bado watu wanaliruka.

Unamwaga mara tatu, sio mara moja.

Theluthi ya kwanza ikiwa 180. Itachemka juu kwa fujo, koroga mpaka chini. Huu mmwago ndo unaleta harufu.

Acha mafuta yaliyobaki yapoe mpaka kama 150, dakika 2 mpaka 3 hivi kutegemea na sufuria. Mwaga theluthi ya pili, koroga. Povu litakuwa la wastani, hapa rangi ndo inatoka.

Subiri tena yashuke kama 120, mwaga yote yaliyobaki. Povu dogo tu. Hii ya mwisho inavuta ukali bila kuunguza chochote. Ukimwaga yote kwa mpigo yakiwa na moto ule wa kwanza, pilipili zinaendelea kukaangika zikiwa zimezama na joto halina pa kwenda, ndo unapata yale mafuta ya rangi ya kahawa.

Funika na kitambaa, acha mpaka kesho. Najua unataka kula leo. Yakikaa usiku mmoja rangi inazidi kuwa nyekundu na ule ukali wa kurukia koo unatulia, tofauti ni kubwa.

Imefanikiwa kama: mafuta juu ni mekundu na unaona ndani, machicha chini ni mekundu yaliyokolea, harufu ni ya kukaangwa na wala sio ya kuungua. Kama ni meusi na machungu, mwaga. Sukari haiokoi, siki haiokoi.

Weka kwenye chupa kavu ndani ya friji, chota kwa kijiko kikavu, ndani ya mwezi yawe yameisha.

Hatua ya 3: Huajiao

Chambua kwanza. Kuna mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa na vijiti, hivyo tupa vyote, mbegu haina ladha na ukiitafuna ni kama mchanga. Tunataka yale maganda tu yaliyopasuka.

Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo dakika 2 hivi mpaka harufu ipande, acha ipoe, saga, chekecha. Saga kidogo ya siku hiyohiyo kwa sababu ikishakuwa unga harufu inakimbia upesi.

Jaribu: weka unga kidogo sana kwenye ncha ya ulimi. Baada ya sekunde kadhaa mdomo unaanza kutetemeka kama umegusa betri. Kemikali inayofanya hivyo inaitwa sanshool, inazigusa neva za mguso zenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa University College London walipima huo mtetemo midomoni wakakuta unalingana na mizunguko kama 50 kwa sekunde. Ukiweka ulimini ukapata uchungu tu bila mtetemo, huajiao yako ni ya zamani. Tafuta nyingine, kuongeza kipimo kutaongeza uchungu peke yake.

Hatua ya 4: Nyama ikauke

Hii nyama sio rosti, hatutaki mchuzi. Karai lipate moto vizuri, mafuta vijiko 2, tandaza nyama, usiiguse dakika moja ishike rangi, alafu ivunjevunje. Itatoa maji. Endelea tu mpaka maji yaishe na sauti ibadilike kutoka kuchemka kuwa kukaangika, hapo mafuta yatakuwa yamerudi kuwa meupe pembeni ya karai.

Weka tangawizi, soya sosi nyeusi, kisha yacai, geuza dakika 2. Onja yacai kabla hujaiweka, ikiwa na chumvi sana isuuze na ikamue. Imefanikiwa kama punje za nyama zimeachana na zina ukavu wa kutafunika. Chumvi usiongeze.

Hatua ya 5: Sosi iwe ndani ya bakuli, sio sufuriani

Weka ufuta uliosagwa kwenye bakuli la kulia. Ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja, koroga. Utaona unaganda na kuwa mgumu, usishtuke wala usiongeze mafuta, ni kawaida yake. Ongeza maji kidogo tena, ghafla utalegea na kuwa laini. Sasa weka soya sosi, sukari, siki, saumu na huajiao. Mafuta ya pilipili yawe ya mwisho na uchote mpaka chini, machicha ndo yana harufu.

Onja. Inatakiwa iwe na chumvi kupita kiasi na ukali kupita kiasi, kwa sababu tambi zinakuja bila chumvi. Sosi ikiwa tamu kwenye kijiko, kwenye tambi itakuwa imepooza.

Hatua ya 6: Tambi

Kama umepata tambi za Kichina, chagua nyembamba za ngano, zile zenye magadi ndani ndo zina ule mvuto wa kutafuna na unjano kidogo. Kama huna, chukua spageti nyembamba kabisa na uweke magadi ya kuokea kwenye maji, yale ya dukani ya keki, kijiko 1 cha chakula kwa kila lita 2. Magadi yanaukaza unga, spageti inatoka na mvuto unaokaribiana na wa tambi zenyewe. Maonyo mawili hapa:

Usitumie sufuria ya alumini, yani hizi za kawaida za majumbani. Maji ya magadi yanaila alumini na sufuria inageuka nyeusi. Tumia ya stili.

Na usitumie magadi ya mawe ya sokoni, yale ya kulainishia maharage. Mengine yana floraidi nyingi, hiyo inayoharibu meno ya watu huko Kaskazini mwa Tanzania.

Maji yawe mengi, angalau lita 3, yachemke kwelikweli. Tumbukiza magadi kidogokidogo maana yanafoka. Usiweke mafuta kwenye maji: yanazipaka tambi na sosi inateleza badala ya kushika. Chumvi pia acha. Tambi zikiingia zikoroge sekunde 30 za mwanzo bila kupumzika, kugandamana kunatokea hapo na sio baadae.

Toa dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakti. Kata uzi mmoja kwa meno, katikati ubaki ugumu kidogo tu. Chainizi izamishe kwenye maji hayohayo sekunde 20 za mwisho. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Kama ulitumia magadi usichukue hayo, ladha yake ni ya sabuni, chukua maji ya moto ya kwenye birika, na tambi zisuuze chapchap kwa maji ya moto.

Usizioshe kwa maji baridi. Zikung'ute mara mbili, zibaki na unyevu.

Hatua ya 7: Bakuli

Kuanzia hapa una kama dakika moja. Mimina vijiko 3 vya maji ya moto juu ya sosi, koroga, weka tambi, chainizi pembeni, nyama juu, karanga zilizopondwa, majani ya vitunguu. Kama kuna anaetaka kupiga picha apige sasa hivi.

Alafu changanya kutoka chini, nyanyua juu, rudisha, tena na tena mpaka hakuna uzi mweupe hata mmoja. Imefanikiwa kama kila uzi umevaa rangi na chini kumebaki sosi kidogo tu, kijiko hivi. Migahawa mingi ya nje ya China inakuletea bakuli lililojaa supu ya siagi ya karanga, Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, bakuli ni dogo na sosi ni ya kushika tu.

Zikiwa nzito hazigeuki, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Zikiwa majimaji, hukuzikung'uta vizuri, ongeza ufuta kidogo. Zikiwa kali lakini hazina utamu wowote, kinachokosekana mara nyingi ni siki na soya sosi, sio pilipili, kwahiyo jaribu matone machache kwanza kabla hujafungua tena ile chupa. Ganzi ikizidi hakuna cha kupunguza, ongeza tambi.

Wasiokula pilipili watengenezee sosi hiyohiyo, mafuta ya pilipili na huajiao ukabadilisha na mafuta ya ufuta kijiko kimoja, tambi na nyama ni zilezile.

Na kwenye meza weka maziwa au mtindi, maji usiyategemee. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta na hauyeyuki kwenye maji, mtu akinywa maji anausambaza tu mdomo mzima. Mikono uliyokatia pilipili ioshe kwa sabuni mara mbili kabla hujagusa macho, na kama umevaa lenzi za macho, zitoe kabla hujaanza kupika.